KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA
Tupunguze gharama za picha, tusipunguze ufundi

Ndugu wanakijiji,

Mavuno yameingia ghalani na msimu wa harusi umeanza. Kamati zinakaa kila Jumapili, kadi za michango zinapita nyumba kwa nyumba, na kila kamati ina daftari lake la bajeti. Yatupasa tuyasome madaftari hayo kwa macho makali. Zamani mstari mkubwa kuliko yote ulikuwa chakula. Halafu ukaja muziki na mapambo. Siku hizi kuna mstari mwingine unaopanda kila msimu, umeandikwa "Picha na Video", na wajumbe wakifika hapo wanaupitisha haraka haraka kama watu wanaoogopa kuonekana washamba.

Leo nataka tusimame kwenye mstari huo.

Kwanza nieleweke. Sisemi watu wasipige picha. Anayesema picha ni anasa tupu hajakaa kwenye msiba akaona kinachotokea. Mtu akifariki, baada ya habari ya sanda na jeneza linaulizwa swali la picha. Watoto wanapekua makabati, wanapekua simu, na mara nyingi kinachopatikana ni picha ya harusi ya mjukuu. Bibi amesimama pembeni kabisa, nusu ya uso imefunikwa na bega la mtu mwingine. Hiyo ndiyo inakatwa na kukuzwa mpaka inakuwa ukungu, ndiyo inatangulia mbele ya jeneza. Yule bibi alikuwepo kwenye harusi tangu asubuhi. Mpiga picha alikuwepo. Pesa zililipwa. Lakini kamera ilikuwa inazunguka juu ya keki.

Kwa hiyo tunalipa sana na bado tunakosa kile tulichokihitaji. Shauri langu ni hili: tupunguze saa na madoido, tusipunguze ufundi.

TUNALIPA NINI HASA?

Wazee mnaikumbuka filamu. Filamu moja ya milimita 35 ilitoa picha 36, basi. Kila mpiga picha alipobonyeza, pesa imekwenda: ya filamu, ya dawa, ya karatasi. Ndiyo maana alikupanga, akakusogeza kidevu, akasema "tulia hapo", ndipo akapiga. Harusi nzima iliweza kutoka na picha kumi tu, na hizo kumi ziko ukutani mpaka leo.

Kamera isiyotumia filamu ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia Steven Sasson, katika kampuni ya Kodak ya Marekani. Ajabu ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetajirika kwa kuuza filamu. Dunia ilipoiacha filamu, biashara yake ikaporomoka, na mwezi Januari mwaka 2012 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Basi filamu imekwisha. Leo mpiga picha akibonyeza mara 2,000 kwa siku, kubonyeza kwenyewe hakumgharimu kitu.

Sasa wewe jiulize: kama filamu haipo, mbona bei inapanda? Jibu ni kwamba hatulipii picha peke yake. Tunalipia siku nzima ya watu wengi na vyombo vingi. Hebu tupige hesabu ya mfano, kila mtu aibadilishe kwa bei atakazopewa yeye. Tuseme mpiga picha wa mjini anadai shilingi 900,000. Ukimwomba aichambue bei hiyo, utakuta kitu kama hiki:

Gari na mafuta: 120,000
Wasaidizi wawili: 160,000
Video na kuihariri: 250,000
Droni: 100,000
Albamu kubwa ya jalada gumu: 120,000
Kazi ya mwenyewe ya kupiga picha: 150,000

Mnaona? Ile kazi tuliyomwitia, jicho lake na mkono wake, ni sehemu ndogo ya bei. Tena kamati ikibana, mara nyingi inambana hapo hapo. Inamwambia "punguza kidogo, Ndugu". Yeye anapunguza kwa kumtuma kijana wake anayejifunza, na droni inabaki. Rahisi huvunja upishi, wazee walishasema.

Tugeuze basi. Mwongezee mwenyewe awe 200,000, lakini aje kwa saa tano tu. Droni hapana. Video ndefu hapana. Albamu ya jalada gumu hapana. Badala yake asafishe picha 40 za saizi ya postikadi na picha mbili kubwa za kuweka kwenye fremu, tuseme 80,000. Usafiri tugawane na harusi nyingine, nitaeleza chini, iwe 60,000. Jumla ni 340,000. Umeokoa 560,000 na umempata fundi mwenyewe, tena anafanya kazi kwa moyo kwa sababu amelipwa vizuri.

Na ile 560,000 siyo ya kuchezea. Harusi zetu nyingi hufungwa baada ya mavuno, na miezi michache tu mbele mvua zinakuja. Bwana harusi aliyemaliza akiba kwenye video atasimama shambani bila mbegu bora na bila mbolea. Atakopa kwa mtu, na atalipa kwa magunia kwa bei anayoitaka yule mtu. Mwaka wa kwanza wa ndoa unakuwa mwaka wa kumtumikia mkopeshaji. Kukopa harusi, kulipa matanga.

SAA GANI ZIBAKI?

Mpiga picha anayeanza saluni alfajiri na kuondoka usiku wa manane anapiga mambo mengi ambayo hakuna atakayeyaangalia. Watu wanashona nywele. Watu wanakula pilau midomo imejaa. Watu wanacheza gizani. Saa tano zinatosha zikipangwa: dakika chache za maharusi kuvaa, kufunga ndoa kanisani au msikitini, picha za familia, kuingia kwenye sherehe na nasaha za wazee. Keki na ndafu zikatwe mapema, siyo saa nne usiku. Hii ni kazi ya kamati na mshereheshaji. Ratiba ikichelewa saa mbili, mnanunua saa mbili za mpiga picha kwa uzembe wenu.

Tena iandikwe orodha ya picha za lazima, iwe mkononi mwa mtu mmoja wa ukoo anayewajua watu wote. Mpiga picha wa mjini hamjui shangazi wala somo. Mimi ningepanga hivi: kwanza wazee wote wa pande mbili, mmoja mmoja, uso mzima, kabla hawajachoka na kwenda kupumzika. Pili wazazi na maharusi. Tatu ndugu wa kuzaliwa. Nne mashahidi na wasimamizi. Tano picha moja kubwa ya waliochangia, maana aliyetoa gunia lake naye anapenda kujiona. Keki iwe ya mwisho. Keki haina msiba.

UZURI WA PICHA UNATOKA WAPI?

Wengine mtasema, "Katibu, ukipunguza gharama picha zitakuwa mbovu." Nataka niwape mfano wa Mwafrika mwenzetu. Mjini Bamako, nchi ya Mali, alikuwepo mpiga picha jina lake Seydou Keïta. Alifungua studio yake mwaka 1948. Alipigia watu picha uani, kwa mwanga wa jua, na nyuma yao akatundika shuka la kitanda chake. Kwa kuwa vifaa ni ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Lakini kabla ya hiyo moja alimpanga mtu vizuri: mkono uwe hapa, uso ugeuke hivi, gauni litandazwe. Picha zake zikaja kuonyeshwa Paris mwaka 1994, watu wa dunia nzima wakazistaajabia, na mpaka leo zinatunzwa kwenye nyumba za makumbusho. Shuka, jua na akili. Hakuna droni hapo.

Basi na sisi tujue mambo ya mwanga, maana mwanga ni wa bure.

Jua la saa 5 mpaka saa 9 mchana linapiga utosini. Macho yanakuwa mashimo meusi na watu wanakunja nyuso. Picha za familia zisipigwe wakati huo juani. Zipigwe kuanzia saa 10 na nusu jioni, jua likiwa limelala na rangi yake imekuwa ya asali. Ikibidi kupiga mchana, tafuteni kivuli kizima, kama barazani au upande wa ukuta usiopigwa na jua. Chini ya mwembe ni pazuri kama majani yamefunga. Kama jua linapenya matundu matundu, watu watatoka na madoa kama chui.

Nyuma ya watu pia pawe safi. Ukuta wa ghala letu la ushirika, ule wa upande wa mashariki, jioni unakaa kivulini na umepakwa chokaa. Ni studio tosha. Ondoeni ndoo na baiskeli, fagieni, tundikeni kitenge kama mnapenda. Gharama ni ufagio.

HABARI YA SIMU

Kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanasema, "Kila mtu ana simu ya kupangusa, mpiga picha wa nini?" Hilo nalo silikubali. Siku ya harusi wenye simu ni wageni. Watacheza, watakula, watasukumana mbele ya madhabahu, na kesho utaambiwa "zimefutika" au "simu imeibwa". Ndani ya jengo lenye giza simu nyingi zinatoa picha ya chengachenga. Fundi mwenye kamera nzuri anajua la kufanya hapo. Kufunga ndoa hakurudiwi ili picha ipigwe tena.

Lakini simu ina nafasi yake. Zile saa ambazo fundi hayupo, za asubuhi jikoni na za usiku kwenye ngoma, wapewe vijana wawili wenye simu nzuri, wateuliwe na kamati kama wanavyoteuliwa wapishi. Wazingatie mambo haya:

1. Kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa safi. Simu inatoka mfukoni na mkono una mafuta, halafu tunalaumu kampuni iliyoitengeneza.

2. Usivute picha kwa vidole ili ionekane karibu, inaharibika. Sogea kwa miguu.

3. Kabla ya kupiga, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Gauni jeupe linaidanganya simu. Inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu zinatoka nyeusi tii bila macho.

4. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinapunguzwa na kupoteza ubora. Zitumwe kama faili, au zihamishwe kwenye memori kadi siku ile ile.

Kijana mwenye simu aelewe kwamba hiyo ni kazi. Apewe sahani yake ya chakula mapema, asiache zamu kwenda kugombania nyama.

TUANDIKIANE

Jambo hili linawauma wengi. Unatoa malipo ya kwanza, harusi inapita, halafu picha unazisubiri mpaka mtoto wa kwanza anatambaa. Ukipiga simu unaambiwa "wiki ijayo". Ukiuliza mlikubaliana nini, kila mtu anakumbuka lake.

Ndugu zangu, tumehangaika kujifunza kusoma na kuandika kwa ajili ya nini, kama siyo kwa mambo kama haya? Karatasi moja inatosha. Iandikwe tarehe na mahali. Saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nani hasa atakayekuja kupiga, na akiugua nani atashika nafasi yake. Picha ngapi zitasafishwa na za saizi gani. Picha zote kwenye flashi zitatolewa lini. Malipo ya kwanza ni kiasi gani na yanayobaki ni kiasi gani. Yanayobaki yalipwe siku ya kupokea picha, siyo kabla. Pande zote mbili ziweke sahihi na mashahidi wawe wawili. Ukilipa kwa simu, usiufute ujumbe ule; ndiyo stakabadhi yako.

Na kabla ya kuweka sahihi mwambie mpiga picha akuonyeshe harusi moja nzima aliyopiga, tangu mwanzo mpaka mwisho. Usiridhike na picha kumi za kuchagua. Hata mkulima mbovu ana mhindi mmoja mzuri wa kuonyesha wageni. Tazama picha za ndani ya jengo na za jioni, hapo ndipo fundi anapojulikana. Darasa letu la kisomo cha watu wazima limeandika mfano wa karatasi hiyo ya makubaliano. Umebandikwa hapa chini ya gazeti hili, anayetaka aje na daftari aunakili.

TUSHIRIKIANE

Sasa nafika kwenye shauri langu kwa mkutano mkuu. Tunauza mazao pamoja ili lori moja lije mara moja, lisije mara ishirini. Kwa nini mpiga picha aje kwa kila nyumba peke yake? Kamati mbili zikipanga harusi siku moja, moja asubuhi na nyingine jioni, au Jumamosi na Jumapili, fundi atakuja kwa safari moja, nauli itagawanywa, na yeye mwenyewe atashusha bei kwa sababu ana uhakika wa kazi mbili. Naomba kamati zote za msimu huu zilete tarehe zao kwa karani wa ushirika, ziandikwe kwenye karatasi moja, tuone zipi zinaweza kuoanishwa. Hakuna anayelazimishwa.

Wengine wamependekeza ushirika ununue kamera yake. Mimi nasema tusikimbilie. Kamera bila fundi ni kama cherehani bila mshonaji, itakaa kabatini mpaka iote kutu. Tuanze na kupanga tarehe. Wakipatikana vijana wawili walioonyesha ufundi kwa simu zao misimu miwili mfululizo, hapo tuzungumze.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Flashi inapotea, simu inaanguka chooni. Kila harusi isafishe hizo picha 40 kwenye karatasi, na nakala ya flashi ihifadhiwe kwa ndugu wa nyumba nyingine, isikae nyumba moja na ile ya kwanza. Nyumba ikiungua au ikiibiwa, nakala moja ibaki. Mnaweka mbegu mahali pawili. Wekeni na picha hivyo hivyo.

WATAKAOPINGA

Najua maneno yatakayosemwa kisimani. "Harusi ni mara moja, mwacheni mtu afurahi." Ni kweli, na afurahi. Lakini furaha ya harusi ni watu, na deni la harusi ni la watu wawili peke yao, wageni wakishaondoka. Wengine watasema tunawanyima riziki wapiga picha. Siyo hivyo. Fundi ni mfanyakazi, na jasho lake liheshimiwe. Hesabu yangu imempandishia ujira wa mkono wake. Tulichokata ni mapambo.

Akina mama wa kamati, ninyi ndio mnaoshika kalamu ya bajeti. Mkikutana Jumapili hii, mkifika kwenye mstari wa "Picha na Video", msiupitishe kwa kupiga makofi. Ulizeni: saa ngapi, nani anapiga, na wazee wetu watapigwa saa ngapi?

Harusi njema, deni hapana.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji